Kung'oa busta ya breki: nguvu inayopotea lazima irudishwe kwingine

ANAYESAFIRI kutoka Kapenguria kwenda Lodwar huteremka takriban mita 1,500 kabla ya kuufikia mji huo wa jangwani. Miteremko ya Kamatira na kona za Marich zimewafundisha madereva wengi, wengine wakiwa wamechelewa mno, kwamba uwezo wa gari kwenda ni jambo moja na uwezo wake wa kusimama ni jambo jingine. Mbele ya Lodwar milima hupungua, lakini hatari hubadilika sura tu. Lami mpya ya kuelekea Kakuma na Lokichoggio imeongeza mwendo wa magari, ilhali mbuzi na ngamia hawajabadili desturi yao ya kuvuka popote. Ukiendelea kaskazini hadi Kaikor, Turkana Kaskazini, utakutana na changarawe, mchanga na laga ambazo hujitokeza mbele ya gari bila onyo.

Ni katika mazingira hayo ambapo swali linaloulizwa sana na wapenzi wa magari yenye kasi hupata uzito wake: je, inafaa kung'oa busta ya breki na kuliacha gari linalotumika kila siku litegemee nguvu ya mguu peke yake? Vijana wanaozifanyia marekebisho Subaru Impreza, Legacy na Forester huliuliza kwa sababu ya mbio. Dereva wa gari la mizigo midogo huliuliza kwa sababu tofauti kabisa: busta yake imepasuka mahali pasipo na duka la vipuri, na fundi amemshauri airuke. Makala haya yanaeleza busta hufanya nini, nini hutokea ikiondolewa, na ni masharti gani yanayopaswa kutimizwa na anayeamua kuiondoa.

Busta ni nini

Busta ni lile kopo jeusi la duara lililo kati ya pedali ya breki na masta silinda, mara nyingi ubavuni mwa injini upande wa dereva. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachoigawa nafasi hiyo pande mbili. Breki isipokanyagwa, pande zote mbili huwa na ombwe, yaani vakyumu kama wasemavyo mafundi, linalovutwa na injini kupitia hozi. Dereva akikanyaga, vali hufunguka na kuruhusu hewa ya kawaida iingie upande mmoja tu. Hewa hiyo hukisukuma kiwambo kuelekea upande wenye ombwe, na msukumo huo huongezwa juu ya ule wa mguu.

Kwa hiyo kinachomsaidia dereva ni uzito wa hewa inayotuzunguka. Wazo hilo liliendelezwa na mhandisi wa Ubelgiji, Albert Dewandre, katika mwaka 1927, miaka michache baada ya breki za mafuta kuanza kufungwa katika magari ya abiria. Katika injini ya petroli ombwe hutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Injini ya dizeli haina ombwe la kutosha hapo, hivyo hufungiwa pampu maalumu, ambayo katika magari mengi huendeshwa pamoja na alteneta.

Si kila gari lilizaliwa na busta. Land Rover ya kwanza iliyotoka mwaka 1948 ilikuwa na breki za ngoma bila msaada wowote, na magari ya aina hiyo yalihudumu kaskazini mwa Kenya kwa miongo mingi. Porsche 911 nayo ilitengenezwa bila busta hadi katikati ya miaka ya 1970. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa breki za ngoma zina faida ambayo diski hazina: gurudumu linapozunguka huivuta shuu na kuikandamiza zaidi kwenye ngoma, hivyo breki hujiongezea nguvu yenyewe. Pedi ya diski haivutwi hivyo. Hubana kwa kadiri inavyosukumwa, basi. Ndiyo maana diski zilipoenea, busta nayo ilienea.

Mwinuko na nguvu ya busta

Kwa kuwa busta hutegemea hewa, nguvu yake hubadilika kulingana na mwinuko wa mahali. Tuchukue busta ya inchi 8, ambayo eneo la kiwambo chake ni takriban sentimita 324 za mraba, na injini ya petroli inayounguruma bila kukanyagwa moto. Mjini Lodwar, ambako ni kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, busta hiyo inaweza kuongeza msukumo wa karibu kilo 215. Kapenguria, kwenye zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi zaidi, na busta ile ile hutoa karibu kilo 160.

Maana yake ni kwamba gari huwa na msaada mdogo zaidi pale juu, mahali ambapo mteremko unaanza, kuliko kule chini penye tambarare. Anayeteremka akiwa amezima injini ili kuokoa mafuta hujiongezea balaa. Busta yenye afya huhifadhi ombwe la kutosha kukanyaga breki mara mbili au tatu hivi. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe. Zaidi ya hayo, injini iliyozimwa na gia iliyotolewa hazisaidii tena kulizuia gari, na mzigo wote huangukia pedi.

Kwa nini watu huiondoa

Sababu za wanaoing'oa busta si za kipuuzi. Ya kwanza ni injini yenyewe. Kemshafti ya mbio huziacha vali za kuingiza na kutoa hewa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na matokeo yake ni ombwe hafifu injini inapozunguka polepole. Gari la namna hiyo huwa na pedali isiyotabirika: mara laini, mara ngumu. Ya pili ni nafasi. Anayefunga injini kubwa zaidi au mabomba ya tabochaja hukuta busta imemzibia njia.

Sababu ya tatu ni hisia za mguu. Magari ya kisasa ya mashindano ya dunia ya mbio za magari, yakiwamo yanayofika Naivasha tangu Safari Rally iliporejea katika mashindano hayo mwaka 2021, hayatumii busta ya ombwe. Hutumia masta silinda mbili zilizokaa sambamba, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, zikiunganishwa na fimbo ya mizani ambayo dereva huirekebisha ili kugawa nguvu. Kwenye changarawe, ambako gurudumu huganda kwa urahisi, dereva hutaka kujua kwa unyayo wake ni wapi hasa tairi inaanza kuteleza.

Lakini gari la mashindano lina dereva mmoja aliyefungwa mkanda barabara, kiti kilichopimwa kwa mwili wake, na mafundi wanaolikagua mara kwa mara siku nzima. Gari la kila siku huazimwa na ndugu, huendeshwa na mama akimpeleka mtoto hospitalini, na hukaguliwa siku likianza kupiga kelele.

Hesabu isiyokwepeka

Kiini cha jambo hili kinaeleweka kwa hesabu ndogo. Pedali ya breki ni wenzo. Katika magari mengi yenye busta, wenzo huo huzidisha nguvu ya mguu mara 4 hivi. Tuseme dereva anakanyaga kwa kilo 45. Fimbo ya pedali itasukuma kwa kilo 180. Busta ikiongeza kilo 200, masta silinda itapokea kilo 380. Ikiwa kipenyo cha silinda hiyo ni inchi 1, eneo lake ni kama sentimita 5.07 za mraba, na shinikizo la mafuta ya breki litafika kilo 75 kwa kila sentimita ya mraba.

Sasa ng'oa busta na uache mengine yote kama yalivyo. Mguu ule ule wa kilo 45 utazaa shinikizo la kilo 35 na ushei tu kwa sentimita ya mraba. Zaidi ya nusu ya breki imetoweka, ingawa pedi, diski na mabomba yote ni yale yale. Ili kulirejesha shinikizo la awali, dereva angelazimika kukanyaga kwa zaidi ya kilo 90. Wapo wanaoweza kufanya hivyo mara moja kwa hofu. Ni wachache wanaoweza kufanya hivyo kila siku, na wachache zaidi wakiwa wamechoka.

Njia ya kuirudisha nguvu hiyo ni kubadili vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, fimbo ya pedali huunganishwa karibu zaidi na mhimili wake, ili wenzo uzidishe mara 6 badala ya 4. Pili, masta silinda hubadilishwa na kuwekwa nyembamba zaidi, mathalani ya inchi 7/8, ambayo eneo lake ni kama sentimita 3.88 za mraba. Kilo 45 za mguu sasa zinakuwa 270, na shinikizo hupanda hadi karibu kilo 70 kwa sentimita ya mraba. Hapo gari limekaribia lilipokuwa.

Nguvu hiyo, hata hivyo, haikupatikana bure. Silinda nyembamba husukuma mafuta machache zaidi, na wenzo mrefu huhitaji mguu usafiri mbali zaidi. Ukizizidisha tofauti hizo mbili, utaona kuwa pedali italazimika kushuka karibu maradufu ili kusogeza mafuta yale yale. Hewa kidogo tu katika mabomba, hozi za mpira zilizochakaa zinazovimba, au shuu za nyuma zilizolegea ambazo zamani hazikuonekana, sasa zinaweza kuifikisha pedali sakafuni kabla gari halijashika.

Kinachopaswa kufanywa na fundi

Anayeamua kuendelea anapaswa kuhakikisha mambo yafuatayo, na asilichukulie lolote kuwa la hiari.

Masta silinda iwe ya vyumba viwili, ili bomba moja likipasuka magurudumu mengine yabaki na breki. Aidha, iwe imetengenezwa kwa ajili ya gari lisilo na busta. Pistoni yake huwa na tundu refu linaloishika fimbo ya pedali. Silinda iliyotolewa katika gari lenye busta mara nyingi huwa na tundu fupi, na fimbo inaweza kuchomoka pedali inaporudi juu.

Fimbo iachiwe nafasi ndogo, milimita moja hadi mbili, kabla haijaigusa pistoni. Ikikazwa mno, tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, breki hushika zenyewe kidogo kidogo, na joto huongezeka hadi magurudumu yakagande.

Ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva uimarishwe. Mguu wa kilo 90 wakati wa dharura, ukizidishwa mara 6, husukuma ukuta huo kwa kilo 540. Bati likipinda, sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kufika kwenye pedi itaishia hapo.

Pedi zichaguliwe kwa uangalifu. Zile za mashindano hushika vizuri zikiwa moto, lakini zikiwa baridi asubuhi huteleza. Gari la kila siku huhitaji pedi inayoshika tangu mara ya kwanza. Mafuta ya breki nayo yawe mapya. Yale ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzijoto 205 yakiwa mapya, lakini yakishafyonza unyevu wa kutosha huweza kuchemka kwa 140. Ya DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kama hewa, na pedali huzama. Hatari hiyo haiondolewi na busta wala na ukosefu wake.

Mwisho, hozi ya zamani ya ombwe izibwe kabisa upande wa injini, na swichi ya taa za breki irekebishwe, maana pedali haikai tena mahali pake pa awali. Gari linalosimama ghafla bila taa nyuma hukaribisha lori.

Magari yasiyopaswa kuguswa

Yapo magari ambayo busta yake isiondolewe hata kidogo. Gari lenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande, maarufu kama ABS, na hasa lenye mfumo wa kulituliza lisipepesuke kwenye kona, limepimwa na watengenezaji kwa ukubwa fulani wa masta silinda na kasi fulani ya kupanda kwa shinikizo. Kubadili silinda ni kuvuruga vipimo hivyo, na fundi wa kando ya barabara hana kifaa cha kuvipanga upya. Kundi jingine ni magari mazito na yale ya kubeba abiria.

Kwa mwenye kemshafti ya mbio lipo suluhisho jepesi zaidi: pampu ya umeme ya kuvuta ombwe pamoja na tangi dogo la akiba. Aliyebanwa na nafasi anaweza kutafuta busta yenye kipenyo kidogo lakini viwambo viwili. Njia hizo humwachia mtu gari linaloweza kuendeshwa na yeyote. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Ikipasuka ukiwa Kaikor

Kwa wakazi wengi wa Turkana, suala hili halianzi kwa mapenzi ya mbio. Huanza kwa sauti ya kufoka chini ya dashibodi na pedali iliyogeuka ngumu. Kiwambo kimechanika, hozi imepasuka kwa joto, au pampu ya ombwe imechoka. Kaikor hakuna duka la busta, na msaada wa karibu hutafutwa Lodwar au Kakuma.

Kwanza kabisa, kagua hozi na vali yake ndogo ya kuzuia hewa isirudi. Mara nyingi kosa huwa hapo, na kipande cha hozi ngumu isiyonywea pamoja na vibano viwili hutosha. Kipimo cha busta chenyewe ni rahisi. Zima injini, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposogea, ombwe halifiki au kiwambo kimekwisha.

Ikiwa busta imekufa na safari haina budi kuendelea, hozi inaweza kuzibwa ili injini isivute hewa ya ziada, na gari likaendeshwa polepole, kwa gia ndogo, bila abiria wala mzigo, hadi kwa fundi. Kanuni ya kimataifa ya breki za magari madogo, yaani Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, inakubali kuwa gari lililopoteza msaada huu bado liweze kusimama, lakini inaonyesha pia gharama yake. Breki nzima hutakiwa kupunguza mwendo kwa mita 6.43 kwa sekunde kila sekunde. Breki iliyopungukiwa hutakiwa kufikisha 2.44 tu, dereva akikanyaga kwa nguvu isiyozidi kilo 50 hivi. Kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ya kwanza ni kusimama ndani ya mita 38 na ya pili ni mita 101, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Tofauti hiyo ya mita zaidi ya 60 inatosha kwa kundi zima la mbuzi, pamoja na mtoto anayelichunga.

Kwa sababu hiyo, kuruka busta ni njia ya kufika kwa fundi tu. Anayeizoea pedali ngumu baada ya wiki mbili, akaliona gari kuwa zima, anasahau kwamba aliyezoea ni mguu wake, na umbali wa kusimama umebaki ule ule.

Sheria, bima na uamuzi

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inalipiga marufuku barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu, na jukumu hilo humwangukia mwenye gari pamoja na dereva. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ndiyo inayosimamia ukaguzi wa magari. Gari lililobadilishwa breki lipelekwe kukaguliwa, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi. Mabadiliko yaliyofichwa huweza kuwa hoja dhidi ya mwenye gari siku ya kudai fidia.

Kabla ya hapo, gari lijaribiwe mahali peupe pasipo na watu: kwanza kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 40, kisha 60, likiwa tupu na baadaye likiwa na mzigo wake wa kawaida. Breki zikanyagwe mara kumi mfululizo ili zipate joto, kisha pedali ipimwe tena. Jaribio la mwisho lifanywe na mtu mwepesi kuliko wote watakaoliendesha gari hilo. Akishindwa kulisimamisha kwa mkanyago mmoja, kazi haijakamilika.

Busta haiongezi ushikaji wa tairi barabarani. Tairi zikishaganda, hakuna breki itakayozishinda. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa mguu wowote, wa kijana au wa mzee, unaweza kuufikia ukomo huo. Mwenye gari la kwake peke yake, aliyebadili wenzo, silinda, pedi na ukuta, akapima na kupima tena, anaweza kuishi bila busta kama walivyoishi madereva wa Land Rover za zamani. Mwenye gari linaloshirikiwa na familia, linalopanda Kapenguria na kurudi Lodwar na Kaikor, heri aitengeneze busta yake na aiache mahali pake.